Kigingi Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Tumeanza ukingo wa mto. Miaka yote ni jalala — matairi, chupa, mbwa waliokufa — leo ghafla ni "bustani ya wananchi"! Wamebandika picha kubwa: nyasi, mabenchi, familia inacheka bila sababu. Kazi yangu ni ile ile. Namshikia mpima ardhi fimbo, napiga vigingi. Vyeupe vya njia, vyekundu vya kuchimba. Mpima tunamwita Bwana Sentimita, akisema sogea kidogo anataka upana wa ukucha. Lakini mtu mwema. Eti mkono wangu anauamini kuliko chombo chake.
Upande wa bomba lililovunjika sikuutazama kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Leo tumefika huko. Alinielekeza: rudi nyuma, rudi, hapo hapo. Nikatazama chini. Hatua nne kutoka kwenye bomba. Nikapiga nyundo juu ya mwanangu.
Chekundu, namba kumi na saba. Nikauliza ni cha nini. Choo cha umma, akasema, matundu manane, cha kisasa.
Binti yangu hakulia alipozaliwa. Miaka tisa sasa. Ofisi ya makaburi walitaka cheti, na hospitali haitoi cheti kwa mtoto ambaye hakupumua. Wanawake wa mtaa huu tulibaki na ukingo. Alfajiri, mama na mtu mmoja wa kumshika mkono. Hakuna alama. Wala hakuna anayemuuliza mwenzake, wako yuko wapi. Hatuulizani tu.
Mimi nilishikwa mkono na jirani yangu, fundi cherehani. Ndiye aliyeshona sanda, ndiye aliyenichagulia mahali.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia mume wangu, yuko safarini na lori.  Akasema: waambie. Nimwambie nani? Watafukua wote, watawaandika na mama zao, nusu ya mtaa! Na kibarua changu kiote nyasi. Nikamkatia simu. Nimelia, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya. Nilifika kabla ya watu. Nimeking'oa kile chekundu, nikahesabu hatua sita kuelekea juu ya mto, nikakipigilia. Tundu la zamani nimelifukia kwa kisigino.
Bwana Sentimita alipita na kikombe chake cha chai, akatazama, akaendelea. Hakupima tena. Mtu anayepima hata kivuli chake!
Leo nimekula nikashiba.

Jumatatu, 10 Machi
Mtambo wa kuchimba ulianza saa tatu. Nilisimama juu ya mwanangu, makusudi, fimbo mkononi kama mlinzi wa benki.
Saa nne dereva akazima. Akashuka, akavua kofia.
Kopo la biskuti, la bati. Ndani kitambaa cha bluu, upindo wake umeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo. Ile mishono naijua, ya jirani yangu. Nimevaa magauni yake miaka kumi na tano.
Mmoja akasema ni mbwa tu. Dereva akamjibu, mbwa hashonewi nguo. Msimamizi akasema endeleeni, Ijumaa wakubwa wanakuja kukagua. Udongo ukapakiwa kwenye lori, na kopo ndani yake, ukaenda kumwagwa sijui wapi. Mdomo ninao. Sikuufungua.
Asubuhi ile, miaka tisa iliyopita, aliniambia hapa ni pakavu, maji hayafiki. Sikujiuliza kajuaje. Alikuwa amenishika mkono, na wake yuko hatua sita tu. 

Jumanne, 11 Machi
Jirani yangu amekuja mchana huu, tepu ya kupimia bado shingoni. Sokoni wanasema mtoto kafukuliwa karibu na bomba. Nikajua yamenifika.
Akanikumbatia. Akanipa pole! Anadhani ni wangu. Alilia hapa hapa jikoni, akajifuta machozi kwa kanga yake, mimi nimekauka kama gogo.
Kisha akasema jambo ambalo hatusemi: Mdogo wangu, nami ninaye pale. Wa kiume. Juu kidogo ya wako, hawajamfikia. Usijione huna pa kwenda. Huyu wangu tutakuwa naye wawili, ukitaka kukaa na mwanao utakaa kwake.
Nilifungua mdomo. Nikasema asante. Asante!
Anataka twende sasa hivi, kabla vibarua hawajarudi kutoka kula, anionyeshe alipo mwanawe. Amekwenda kufunga cherehani na kubadili viatu. Naandika haya nikiwa nimesimama. Pale anapotaka kunionyesha kuna shimo la kina cha mtu mzima, na kigingi changu kimelala pembeni.
Anagonga. Ananiita, twende mdogo wangu, nimebeba na maji, utasikia kiu