Nimemkana mama mbele ya mwanamuziki wake

Sia, nimemkana mama. Mbele ya watu wote.

Unajua anavyompenda yule mpiga gitaa mzee. Leo kapiga hapa Kigoma, nikampeleka. Mama alicheza mpaka mtandio ukaanguka, na wenzangu wa chuo walikuwa nyuma yetu wanacheka.

Mzee akashuka jukwaani, akanisogezea maiki. "Kijana, huyu mama mchangamfu umekuja naye?"

Nikasema, "Hapana, simjui."

Simjui, Sia. Mama yangu mzazi.

Mama akacheka, akamjibu, "Nimekuja mwenyewe, kaka." Halafu akasogea mbali nami, ili nisiumbuke.

Kwenye bajaji nilitaka kumwomba msamaha. Akaniwahi: "Asante kwa kunileta, mwanangu."

Sasa yuko jikoni ananipashia samaki wa migebuka. Naogopa kuingia.