Sahihi ya Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Mashine ya kukatia karatasi imekufa. Imenguruma mara mbili, ikanyamaza. Madaftari ya shule yamerundikana, hayajakatwa kingo. Fundi umeme anasema mota imeungua, na hata akiisuka upya nyaya zake haitadumu. Nitafute mashine nyingine.

Nikaenda benki. Yule bwana aliyenifahamu kahamishwa — wa tatu huyo ndani ya miaka miwili. Kwenye kiti chake yupo binti mpole sana. Akauliza mwenye duka la uchapaji ni nani. Mimi. Peke yangu? Peke yangu. Akabonyeza, tukaendelea. Akasema mfumo ndio utakaonijibu. Nikauliza huo mfumo unakaa ofisi gani, niende nikauone. Akacheka. Sikuwa natania.

Jumatano, 6 Machi
Mfumo umekataa. Ujumbe wa simu, mstari mmoja na nusu, sababu hakuna. Miaka kumi na moja naweka akiba pale!

Baba Watoto anasema niende benki ya wananchi, ile ya nyuma ya duka la dawa. Nusu ya mtaa wana hisa pale, na ndiyo maana sijawahi kuikanyaga. Kwenye kaunta anakaa dada yake, wifi yangu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Nikitoa pesa asubuhi, jioni ukoo mzima unajua nimenunua viatu. Baba Watoto anasema namwonea. Labda kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda. Redio kanipa namba, kanionyesha kiti, basi. Nilishangaa hadi nikasahau nilichopanga kusema.

Meneja alitaka kuiona mashine yenyewe. Mchana akaja kwa miguu, akavua koti, akainama, akazungusha gurudumu kwa mkono. Akauliza wateja wangu ni akina nani, nani anasumbua kulipa. Wengine alinitajia yeye. Kisha akasema mashine niliyoiombea mkopo ni kubwa kuliko kazi yangu, nichukue ndogo, nisijitie kitanzi. Benki inayonizuia kukopa sana! Nikaanza kumpenda.

Ndipo akauliza, kwa sauti ileile: "Kaka yako anasemaje?"

Nikajifanya sikusikia. Akarudia. Anakumbuka baba alituachia duka sote wawili, na hawawezi kumkopesha mmoja kwa mali ya wawili. Bila sahihi ya kaka, hakuna mkopo. Akavaa koti, akaaga vizuri.

Nimekuwa na hasira tangu hapo. Ndiyo ubaya wa kujulikana.

Jumapili, 10 Machi
Niyaseme hapa, maana hapasomi mtu. Baada ya msiba wa baba, kaka alitaka tuuze mashine tugawane. Mimi nilitaka kazi iendelee. Tukarushiana maneno, na wiki ya pili nikabadilisha kufuli. Naye akafungua kibanda cha kutengeneza saa mtaa wa pili, akanyamaza. Miaka mitatu. Sijampa hata senti. Nimeshazoea kusema "duka langu", wala ulimi haukwami.

Jumatatu, 11 Machi
Ajabu. Benki kubwa, ile ya mfumo, wametuma ujumbe: maombi yamepitiwa upya, yamekubaliwa. Kiasi chote. Nibonyeze "Nakubali" kabla ya Ijumaa. Hakuna sahihi ya mtu, hakuna swali.

Baba Watoto kauliza nangoja nini. Nikasema kidole kinauma. Akanitazama, akarudi kwenye gazeti lake.

Nangoja nini? Mwaka juzi kiwanda kilipochelewesha karatasi nilikosa kulipa mkopo mdogo wa benki kubwa mwezi mmoja. Walinipigia kila siku, kila siku mtu mpya, kila mmoja namsimulia kuanzia mwanzo. Yule meneja angepita tu, akaona rafu tupu. Lakini mtu wa kuona rafu tupu ataona na kufuli. Ninachotaka mimi ni benki inayonijua nusu — ile nusu nzuri.

Jumanne, 12 Machi
Nimekwenda kibandani kwa kaka. Alikuwa na lenzi jichoni, hakuinua kichwa. Nikamwambia yote: kufuli, meneja, na lile "peke yangu" kule benki kubwa. Akaweka chini saa ya mtu. Akasema Alhamisi atapita. Basi.

Alhamisi, 14 Machi
Amekuja saa nne. Kapita mashine moja moja, mikono nyuma, kama mgeni. Nikampa fomu. Kasoma yote, hata yale maandishi madogo.

"Nikitia sahihi, deni litakuwa letu?"

"Letu."

"Na duka?"

Jibu ni neno lilelile. Nilikuwa nalo tayari tangu juzi! Nikasema ngoja nilete chai. Sasa niko huku nyuma, maji hayajachemka, naandika kwenye goti. Simu iko mfukoni. Mwisho wa kubonyeza ni leo. Nikichungulia mlangoni naiona fomu mezani, kalamu juu yake, kifuniko hakijatolewa. Kaka hayupo pale.

Yuko stoo. Namsikia anapapasa ukuta gizani. Sasa ananiita, kwa lile jina la utotoni, anauliza taa siku hizi inawashiwa wapi. Swichi niliihamisha mwaka jana. Angejuaje?

Naenda kumwonyesha.