Nyambura Anakataa Kwamba Ni Wewe

Baba Nyambura,

Mahindi uliyoacha shambani yamefika magotini. Nimeyapalilia peke yangu. Sijui kwa nini naanza na mahindi. Jambo lililonikaa kifuani siwezi kumwambia mtu mwingine, kwa sababu wewe ndiye uliyemwelewa binti yetu.

Unakumbuka kliniki, mwaka ule tulipoambiwa ana usonji. Daktari aliweka mezani mchoro wa kichwa, ambao ukiutazama hivi ni bata, ukiutazama vile ni sungura. Nyambura akasema sungura. Daktari akamwonyesha mdomo wa bata kwa kidole. Nyambura akasema, "Hayo ni masikio." Mimi nilitaka kulia. Wewe uliomba upewe ile karatasi.

Jioni nyingi mlikaa nayo jikoni, chai ikipoa. Ulifunika sehemu kwa kiganja, ukafunua, ukangoja. Siku moja akapaza sauti, "Bata!" ukamwinua juu mtoto mkubwa vile. Lakini tangu hapo hakumwona sungura tena. Alimtafuta mpaka akalia. Ukaniambia, "Usidhani ni mjinga. Macho yetu yanarukaruka. Yake yakishika kitu, yameshika."

Sasa ni msichana mzima, na wewe moyo wako ulisimama ukiwa shambani bila kutuaga. Niliona ni haki yake akuage mochari. Walikuwa wamekuvalisha suti ambayo hukuwahi kuivaa, na uso ulikuwa umevimba kidogo. Alikutazama pua, akatazama mikono, polepole. Akasema, "Huyu si baba." Dada yako aliyeolewa Chaka akamshika bega. "Angalia vizuri, huyo ni baba yako." Akarudia vilevile, bila kupandisha sauti.

Kaburini dada yako alisema watu wakisikia, "Ati baba yake anazikwa na yeye hana hata machozi?" Ningemwelezaje? Mimi nilipokutazama niliona mume wangu, halafu maiti, halafu mume wangu tena, na mpaka leo havijatulia. Yeye aliona kimoja. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Wivu huo umekwisha. Kama yule hakuwa wewe, basi uko mahali na utarudi. Ndivyo anavyojua. Kila asubuhi huniuliza unarudi saa ngapi. Nikimwambia umekufa, anasema aliyekufa ni yule mtu mwingine. Hali chakula mpaka uje. Amekonda, sketi zinamshuka kiunoni. Nimejaribu kumwonyesha picha zako, za zamani na zile zilizopigwa mochari, nikifunika na kufunua kama ulivyofanya. Kiganja changu hakijui kazi hiyo.

Juzi dada yako alikuja tena. Anataka Nyambura apelekwe kwenye makao ya watu wenye hali kama yake, mbali. "Mama Nyambura, wewe umechoka," alisema. Hakudanganya. Nimechoka mpaka mifupa.

Jana nikampeleka kaburini. Alisoma jina lako msalabani, herufi kwa herufi, akasema, "Wamekosea." Nikakaa kwenye udongo. Akasimama kando yangu, akanivuta mkono. "Twende, mama. Baba atakuta nyumba imefungwa."

Tukaenda. Njiani ndipo nilipoelewa kinachonitisha. Siyo kwamba hataona. Ni kwamba ataona. Siku macho yake yatakaposhika kwamba umekufa, hatakuona tena ukiwa hai, hata akikutafuta. Na wewe hutakuwepo kumsaidia.

Nimeacha kumwonyesha picha. Sijui kama ni huruma au ni kushindwa tu.

Basi pumzika, mume wangu. Makao hayo hataenda nikiwa na pumzi. Nimemwambia dada yako asubuhi hii, akakasirika akaondoka. Ni hilo tu ninaloweza kukuahidi. Mengine yote yamenishinda.

Mkeo,
Mama Nyambura