Maji Nilikunywa, Habari Sikutoa

Mama Mwende,

Ulikufa. Ilikuwa Jumanne asubuhi, wadi ya wanawake, dada yako akiwa bado kwa lango na chupa ya uji. Mimi nilikuwa juu ya skafoldi huku Doha, simu iko chini kwa begi. Nikaja, nikakuzika kwetu Machakos, nikarudi. Ni hivyo tu.

Nakuandikia kwa sababu niko na hofu, na nikiwa na hofu wewe ndiye nilikuwa naambia.

Niliporudi nilikuta gengi letu halipo. Wakenya na Waganda wote wamehamishwa Al Wakrah, kuna jengo huko. Mimi nikawekwa na Waghana. Chumba chao kiko hapa Al Mansoura, juu ya kinyozi. Wanaongea Kitwi. Kwa chumba Kitwi, kwa basi Kitwi, juu ya skafoldi Kitwi. Hapo ndipo pananiua. Kazi yangu unaijua. Bomba la chuma linapanda mkono kwa mkono, wa chini anainua, wa juu anapokea, na la kushuka hivyo hivyo. Uso wa mwenzako huuoni. Ni sauti tu. Sauti ikisema ngoja na wewe uachilie, kuna mtu anaenda chini na hilo bomba.

Nisipopanda nao, kampuni inanirudisha nyumbani. Nikipanda nianguke, Mwende hana mtu. Ndiyo hiyo inanikalia kwa kifua tangu nirudi.

Unakumbuka ile siku ulinipeleka kwenu Siaya mara ya kwanza? Ulinifundisha Kijaluo pale Mlolongo ukifua nguo. Unasema "Oyawore", mimi najibu "Oyawore ahinya". Ukacheka. "Sema kama mtu, si kama unasukuma wilbaro." Nikakuambia lugha yenu ni ngumu, kichwa changu ni cha kokoto. Ukaniambia, "Shika salamu na maji. Mtu akijua kusalimia na kuomba maji, hayo mengine wenyewe watamfundisha."

Nikashika. Tulipofika nikasalimia vizuri kabisa. Halafu nikamwendea mama yako na mkono mbele, nimsalimie kama Mkamba mwenye adabu. Mama akaruka akaenda nyuma ya mlango. Shangazi yako akapiga kelele, "Woi! Mkamba anataka kumshika maro!" Hapo ndipo nilijua mkwe wa kwenu hamshiki mama mkwe mkono. Boma lote lilicheka mpaka mbwa wakabweka. Njiani tukirudi ukaniambia, "Nilikufundisha mdomo, nikasahau mkono."

Wewe Kikamba ulikijua kuliko nilivyojua Kijaluo. Siku ya mazishi mama yangu alisema, "Huyu hata kugombana alikuwa anagombana Kikamba."

Basi huku nilikuja na ile elimu yako. Salamu na maji. Nilifika jioni na begi. Mzee wa chumba anaitwa Wofa Yaw. Wofa ni mjomba, wote wanamwita hivyo hata wasio wake. Yeye ndiye kichwa cha gengi, ndiye anasema nani anapanda. Alinipa kiti. Akanipa maji kwa kikombe. Akasema kitu kwa Kitwi, wote wakanyamaza wakiniangalia. Mimi nikanywa yakaisha, nikasema thenkyu, nikapanda kitanda, nikaangalia ukuta. Nikajua nimefanya poa.

Tangu siku hiyo niko chini. Napanga klampu za kufungia mabomba. Hakuna mtu amenitusi. Wananisalimia, wananipa chakula, halafu basi. Wakiongea, wanaongea juu ya kichwa changu kama mimi ni meza.

Ni Kwabena tu, wa kitanda cha chini yangu, anayenitania. Alinipa banku yao nikamwambia huu ni ugali uliolala njaa ukachacha. Akasema, "Na wenu ni banku ambayo haijaenda shule." Yeye ndiye amenifundisha haya machache, na ndiye ananiandikia hapa maneno yao, yako na herufi za kupinduka. Kwao ukisalimiwa unajibu kulingana na anayekusalimia. Aliye kama baba unamjibu "yaa agya". Rika lako, "yaa nua". Asubuhi ya kwanza kujaribu, Wofa Yaw alinisalimia "maakye", ile ya asubuhi, nami nikamjibu "yaa ɔba", yaani kama yeye ni mtoto wangu. Kwabena alitema chai.

Ya kazi pia amenifundisha. Brɛbrɛ ni pole pole. Hwɛ yie ni chunga. Twe ni vuta. Twɛn ni ngoja. Sikia hiyo. Kuvuta na kungoja, kwa sikio langu ni ndugu. Nayasema nikinyoa ndevu. Nayasema kwa basi. Nikifika saiti yote yamekimbia.

Na kulikuwa na ingine. Sikuwa nimewaambia kuhusu wewe. Ofisi ilijua, ofisi ilinipa ruhusa. Lakini gengi halikujua. Rafiki yangu Mganda alinipigia kutoka Al Wakrah. "Ssebo, usiwaambie. Mtu wa matanga hapandishwi. Watasema akili yako iko kaburini." Nikaona ni kweli. Nikafunga mdomo.

Alhamisi msimamizi akakuja akanikuta na klampu zangu. "Kenya, Jumamosi juu. Huendi juu, khalas, basi, tiketi ya nyumbani."

Leo ni Ijumaa, hakuna kazi. Asubuhi Wofa Yaw alienda kanisa, huku ibada ni Ijumaa. Kwabena alikuwa anaosha sufuria. Nikamuuliza nilimkosea nini huyu mzee. Huwa tunaongea Kiingereza cha mjengo, nakuwekea Kiswahili.

"Ulikunywa maji yake," akasema.

"Si alinipa?"

"Alikupa. Kwetu mgeni anapewa kiti, anapewa maji, halafu mwenyeji anasema hapa kwetu ni shwari, wewe ndiye umetoka njiani. Basi mgeni anatoa amanneɛ. Anasema ametoka wapi, kuna nini, amekuja kwa nini. Mzee alikuuliza. Ukageukia ukuta."

"Nilidhani ananikaribisha!"

"Mtu akinywa maji anyamaze, ni kama ametoroka ama ameua."

"Sijaua mtu."

"Basi sema."

Nikakaa kwa kitanda chake. Nikafikiria maneno ya Mganda. Nikafikiria tiketi. Nikisema, naachwa chini. Nikinyamaza, niko chini tayari. Nikamuuliza Kwabena mtu anasemaje mke wangu amekufa.

Akaacha kuosha. Hakutania. Akasema, "Me yere awu." Akarudia pole pole. Nikaingia bafu nikafungulia maji nikasema humo ndani.

Unajua sikuwa nimeisema? Siku ya mazishi wengine ndio waliongea. Mwende nilimwambia mama amepumzika. Akaniangalia na hayo macho yako. "Baba, sema vile iko." Nikashindwa.

Wofa Yaw akarudi na shati lake jeupe. Mimi nikachukua begi langu, nikatoka nje, nikasimama hapo mlangoni penye viatu. Mnepali wa chumba cha pili akapita. "Broda, unaenda nyumbani?"

"Hapana," nikamwambia. "Naingia."

Nikabisha.

Mzee alifungua akaangalia begi. Akaniangalia mimi. Alizima mpira kwa runinga, wenzake wakalalamika, akawaambia neno moja wakakaa wima kwa vitanda. Akaweka kiti. Akaleta maji. Nikanywa. Mengine yalimwagikia suruali.

Akasema, "Ɛha deɛ, bɔkɔɔ." Hapa kwetu ni shwari.

Nikasema, "Me yere awu."

Kitwi kikaishia hapo. Nikamalizia na Kiingereza changu. Nimetoka kumzika. Niko na binti yuko kidato cha pili. Naogopa kuachwa chini na naogopa kupanda.

Mzee akasema, "Due." Ni pole yao. Akanipa mkono wa kulia. Halafu wengine wakashuka vitandani, mmoja mmoja, mkono, due, due. Kwabena wa mwisho.

Nikamuuliza mzee, "Sasa utaniacha chini?"

"Kenya," akasema, "nisiyemjua ndiye siwezi kupanda naye. Huyu amemzika mama yake akiangalia kwa simu. Huyu kaka yake. Mimi mke, kama wewe. Ningewaacha chini wote, nani angejenga?" Halafu akasema, "Kesho unakaa kati yangu na Kwabena. Nikiita neno, unalirudisha vile vile. Usiporudisha, siachilii bomba. Hata mkono ukatike."

Mchana wote tumefanya mazoezi na fagio. Mzee amesimama kitanda cha juu, mimi katikati, Kwabena kwa sakafu. "Twɛn!" Na mimi "Twɛn!" "Twe!" Na mimi "Twe!" Wakasema Kenya anaitikia kama mbuzi amefungiwa kwa choo. Mzee naye alicheka, mara ya kwanza nimeona meno yake.

Nimekosea mara mingi, Mama Mwende. Nimeachilia nikiambiwa ningoje. Lakini kwa chumba ukikosea ni fagio linaanguka.

Jioni nilimpigia Mwende. Nikamwambia, "Mama alikufa." Akalia. Mimi pia. Nikamweleza ya kazi, halafu akauliza, "Baba, kesho uko juu ama chini?" Nikamwambia juu, lakini kuna mtu juu yangu na mtu chini yangu. Akasema niwasalimie. Nikamwambia nitawasalimia, kwa lugha yao.

Hofu haijatoka. Iko hapa, nimelala nayo kitanda kimoja. Ungekuwa hapa ungenisimamisha hapo mlangoni uniulize maneno yote, ukosoe, halafu unisukume niende kazini.

Pumzika, Nyar Alego, binti wa Siaya. Mwende nitamwangalia.

Kesho narudi kazini.

Ni mimi,
Baba Mwende