Usimchape Hidaya

Baba Hidaya,

Uji uko kwenye sufuria. Mpe Hidaya, hajaonja, bado analia.

Homgadi, wale askari wa serikali, wamekuja asubuhi kusaka wanawake Wameru wasio na pasi ya kuishi hapa. Wakanisemesha Kimeru. Nikajifunika buibui, nikajifanya Mswahili asiyeelewa neno. Mtoto akaanza kunitafsiria, vile anavyokutafsiria wewe ukiongea na mama yangu. Wakamuuliza ni nani alimfundisha Kimeru. Akasema, "Ni huyu mama."

Wamenipa muda wa kufunga nguo tu. Napelekwa kambi ya kizuizini.

Usimchape. ~~Asiongee Kimeru tena humu ndani.~~ Hapana, hapo nimekata. Wewe hukijui, lakini kila jioni mwombe akufundishe, asije akadhani ndicho kilichonipeleka.

Mama Hidaya