Breki ya Uzi wa Karibu

Baba Saidi,

Sijui salamu hufikaje huko uliko, kwa hiyo nimezitanguliza kwenye dua, na haya mengine nayaandika kwenye daftari lako la bluu, lile la vipuri vya mashine. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Usinigombeze.

Eda yangu imekwisha wiki ya tatu sasa. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya nyumba hii ya Chumbageni, watu wakija na kuondoka, mpaka wakaacha kuja. Sikuwalaumu, kila mtu ana kwake. Lakini nikuambie kitu ambacho sijamwambia yeyote: wakati wa chai ya alasiri ndio mbaya kuliko wote. Bado natia vikombe viwili. Nikikumbuka, nakirudisha kimoja kabatini taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana.

Saidi hupiga simu kutoka Dar kila Ijumaa baada ya sala. Mwezi wote huu maneno yake ni yale yale. "Mama, boti imekaa tu inaliwa na jua. Kuna mtu anaitaka. Wewe utaifanyia nini?" Mimi humjibu subiri. Hajui kwamba nilikuwa nauliza swali hilo hilo. Miaka kumi na tisa tumevua pamoja kila Jumapili, wewe nyuma na fimbo zako za kuvulia, mimi mbele na usukani. Watu wa ufukwe wa Raskazone walicheka mwanzo, ati mzee wa bandarini kamfanya mkewe nahodha, kisha wakazoea. Lakini rili, lile gurudumu la fimbo la kukunjia uzi, sikuwahi kuishika, wala hukuwahi kunipa. Nilijua kuipeleka boti. Samaki walikuwa wako.

Basi siku ya kwanza nilipotoka edani nilifungua stoo. Fimbo zote zilikuwa ukutani zimelegezwa breki, kama ulivyokuwa ukizilegeza kila tukirudi. Ulikuwa ukisema, "Breki ikilala imekazwa, washa zake, vile visahani vya ndani, zinagandana, halafu siku ya samaki inakutia aibu." Moja tu ilikuwa imekazwa. Ile fupi, ya uzi wa karibu. Ile ya siku ile.

Niliishika nikajaribu kuvuta uzi. Haukutoka. Nikavuta kwa nguvu, ukatoka kwa mkupuo, ukakwama tena. Nikakaa chini sakafuni palepale. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwasema vijana wote wa pale ufukweni kwa kukaza breki. Uzi wa mbali, uliwaambia, unavutika kama mpira, unampokea samaki pole pole. Uzi wa karibu, ule unaoburuta chambo kwenye povu la mashine, urefu wa boti mbili tatu tu nyuma yetu, hauna cha kuvutika, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa breki. Ukikaza, ama uzi unakatika, ama mdomo wa samaki unachanika. Sasa kwa nini wewe, Baba Saidi, ulikaza?

Niliifungua rili mezani, juu ya gazeti. Nilizipanga washa kwa mfuatano ili nisisahau ipi inatangulia, nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikazikausha, nikapaka grisi kidogo kwa ncha ya kidole kama nilivyokuona ukifanya mara mia bila kujua kwamba nilikuwa najifunza. Skrubu moja ilinidondoka, ikaniweka chini ya meza kutwa nzima, magoti yakaniuma. Niliipata ndani ya kiatu chako.

Kupima ukazo wa breki ndiko kulikonishinda. Nilifunga ile mizani yako ya kuning'iniza kwenye nondo za dirisha, nikafunga uzi kwenye mizani, nikarudi nyuma uani na fimbo mpaka uzi ukaanza kuteleza. Lakini kutoka pale nilipo siioni namba. Nikisogea niione, uzi umelegea. Ni kazi ya watu wawili, na ulikuwa ukiifanya na Saidi, kisha peke yako sijui kwa ujanja gani. Nilikwenda mbele na nyuma mpaka Bi Mwanaidi, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta.

"Shoga, unavua samaki au unavua dirisha?"

Nilicheka, Baba Saidi. Mara ya kwanza tangu siku ile. Akaja na miwani yake, akasimama dirishani kama karani. "Vuta. Vuta. Kilo nne! Ndiyo kwanza imeteleza."

Nikalegeza. Nne ni ya uzi wa mbali.

"Tatu na kitu. Vuta tena, usiogope, nondo hazing'oki. Haya, mbili na nusu!"

"Basi, hapo hapo," nikamwambia.

"Umejuaje kwamba ni hapo?"

Nikaufungua uzi kwenye mizani. Nilijua kwa sababu nilikusikia ukisema. Alipoondoka, uani pakawa kimya zaidi kuliko kabla hajaja.

Alhamisi iliyopita nikatoka. Peke yangu, ndiyo, najua ungesemaje. Bahari ilikuwa imelala. Nilivaa koti la kuokolea, nikajaza mafuta, nikamuaga yule mzee mlinzi wa maboti, nikamwambia narudi kabla ya adhuhuri. Alinitazama sana lakini hakunizuia. Nikapita kisiwani Ulenge, nikapunguza mwendo, nikamteremsha yule samaki wako wa plastiki mwenye tumbo jekundu mpaka kwenye wimbi la pili nyuma ya mashine. Karibu kabisa, namwona akitikisika ndani ya povu. Fimbo nikaichomeka kwenye tundu lake. Nikarudi kwenye usukani, nikawa natazama nyuma zaidi ya mbele.

Ndipo pakanijia. Nilikuwa nimekimbia kulifikiri jambo hili karibu miezi mitano, na bahari ikanileta mbele yake.

Siku ile, Baba Saidi, uliniambia turudi. Ulisema, "Mama Saidi, inatosha leo. Twende nyumbani." Na mimi nilikuwa nimeona ndege wanatua majini upande wa kushoto, dalili ya samaki, nikakujibu, "Raundi moja tu." Ukatikisa kichwa ukatabasamu. Nikageuza boti. Raundi moja. Samaki akapiga, fimbo ikainama, ukasimama kupigana naye, nikakuona unakaza breki. Nikadhani una haraka tu. Kisha ukakaa chini polepole, mkono kifuani, kama mtu aliyechoka kungoja. Nilikata uzi kwa kisu cha samaki nikaendesha kama kichaa. Hukuwahi kufika hospitali.

Waliokuja kunipa pole wote niliwaambia ilikuwa ghafla. Hakuna niliyemwambia kuhusu raundi moja.

Basi nikiwa nalia hivyo peke yangu, rili ikalia nayo. Nguru. Uzi ulikimbia laini, breki ikaimba bila kukwama hata mara moja, na mimi nikabaki nimesimama sijui nianze wapi, maana mwenye fimbo hayupo na mwenye usukani ni mimi. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema maneno yako, "Punguza, Mama Saidi, punguza!" Nikatoa gia. Nikashika fimbo. Nguru alikimbia na uzi mara tatu, mara ya tatu nikadhani ananichukua na mimi. Alipofika ubavuni nilimkosa kwa kulabu mara ya kwanza, nikampata ya pili, nikamvutia ndani nikaanguka naye. Alikuwa kadiri ya mkono wangu, begani mpaka vidoleni.

Nikageuka nikuoneshe.

Sitaandika zaidi kuhusu hapo.

Jioni baada ya magharibi nilimpigia Saidi. Nilitaka kumwambia habari ya nguru, nimfurahishe, nimwambie boti haiuzwi. Badala yake yakanitoka yote. Ndege, raundi moja, breki, kisu. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemchelewesha baba yako." 

Kisha akasema, "Mama, baba kifua kilimuanza Ijumaa. Alinipigia. Nikamwambia aende hospitali, akasema Jumatatu, Jumapili ana safari na wewe. Akanikataza nisikuambie. Alisema ukijua hutamruhusu kutoka."

Alikuwa analia, Baba Saidi. Karibu miezi mitano mtoto amekaa na hilo kule Dar, na mimi nimekaa na langu hapa, kila Ijumaa tunazungumzia boti.

Nimekukasirikia. Sina budi kukuambia. Nilimkata yule nguru vipande, nikampelekea Bi Mwanaidi mkia na tumbo, na kila kisu kilipopita nilikuwa nakusema. Siku tatu ulinificha! Ulikaa mezani ukala wali wangu, ukaniambia mchuzi umekolea, na kifua kinakubana. Sasa najua kwa nini ulikaza breki: ulitaka samaki aishe upesi kabla nguvu hazijakuishia. Ungeniambia, ningegeuza boti pale pale. Nisingeitoa kabisa. Labda ndiyo maana hukuniambia, uliitaka Jumapili yako. Nalielewa hilo, na bado nimekasirika, na nimekukumbuka, yote kwa pamoja, na nyumba ni kubwa.

Lakini usingizi umerudi kidogo. Jana nililala mpaka adhana ya alfajiri, nisiamke katikati.

Saidi anakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Haji kuuza. Amesema atashika usukani, ingawa unajua tumbo lake baharini, ndoo nimeshaitafuta. Nitamfundisha kuzunguka ndege bila kuwatawanya, naye atanisomea mizani. Mama mtu mzima na mtoto mwenye kichefuchefu, hao ndio wavuvi uliotuachia.

Nakuaga sasa, mume wangu. Mungu akupanulie hapo ulipolala, akutilie nuru, akusamehe hata lile ambalo mimi bado sijamaliza kukusamehe. Nitalimaliza, nipe muda. Ahadi yangu ni hii moja: Jumamosi, kabla hatujateremsha boti majini, nitamwambia Saidi kwamba na mimi mkono wa kushoto hufa ganzi nikiamka, na Jumatatu tutakwenda hospitali pamoja. Katika nyumba hii hakuna tena anayeumwa kimyakimya.

Mkeo,
Mama Saidi