Shikamoo Kutoka Juu ya Pikipiki

Kondoa, Jumamosi

Mama, shikamoo. Tumefika salama, ila mgongo wangu bado uko njiani.

Hili pikipiki kubwa la Baba Salma limeundwa na mtu asiye na mke. Kiti cha nyuma kiko juu kuliko cha mbele. Kioo kinamkinga yeye, vumbi lote nakula mimi. Na yale masanduku ya pembeni yametanuka mpaka mguu hauna pa kupita. Kupanda, nilipandia kibaraza chako. Kushuka hatukukuwaza.

Basi tumeingia uani, wakwe zangu wamesimama wananingoja. Hawajaniona tangu harusi, nami nataka kupiga goti kama ulivyonifundisha. Kitenge kikanasa kwenye sanduku. Nikabaki huko huko juu, nikawaamkia kama mbunge jukwaani: "Shikamoo baba, shikamoo mama!"

Hata kuku waligeuka kunitazama.

"Marahaba," akaitika baba mkwe taratibu. "Sasa shuka tukuone."

"Siwezi, baba."

Mama mkwe akageuka, akaingia ndani. Nikajua nimeshaharibu. Kumbe kafuata benchi! Akaliweka chini ya mguu wangu, akanipa bega, akamgeukia mwanawe: "Wewe, huyu umemuoa au umempakia kama gunia? Kesho anarudi kwa basi. Wewe rudi na dude lako."

Goti nililipiga vizuri sana, mama, maana miguu ilikuwa na ganzi, isingesimama.

Nibusie Salma, na uji aumalize, usimhurumie. Mama mkwe keshanikatia tiketi ya basi, kiti cha dirishani.

Mwanao akupendaye,
Mama Salma